Mastazi ya jioni inakula familia kuliko ya kutwa. Anayebisha aje

#1 Mkazi wa Njiro
Wakuu, habari za jioni.

Niende kwenye hoja moja kwa moja. Hizi mastazi za jioni tunazikimbilia kwa sababu tunaambiwa huachi kazi na huachi nyumba. Mimi niko mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa hapa Arusha, na ninachokiona ni kinyume chake.

Kazini natoka saa kumi na nusu. Foleni ya mjini ikiniachia, saa kumi na moja na nusu niko darasani na njaa yangu. Kipindi cha pili kinaisha saa tatu usiku. Nikifika nyumbani watoto wamelala. Asubuhi basi la shule linapiga honi getini saa kumi na mbili kasorobo, na mimi hapo ndiyo kwanza natafuta taulo. Mdogo, wa chekechea, ameanza kuniaga Jumapili usiku: "Baba, tutaonana Jumamosi." Hana kinyongo, ndiyo ratiba anayoijua.

Ofisini kuna jamaa alichukua ruhusa akaenda kusoma kutwa. Saa kumi jioni yuko kwake anamwagilia mchicha. Wa kutwa anabaki na usiku wake. Wa jioni mchana ni wa mwajiri, usiku ni wa chuo.

Mke wangu halalamiki, na hilo ndilo linalonitisha. Waliopita huku mlifanyaje?

#2 Chalii wa Sakina
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye ndoa.

#3 Mama Wawili Moshono
Kaka nabisha. Nimesoma jioni nikamaliza, watoto wawili, mume anasafiri kikazi. Jioni siyo shida. Watoto saa moja mpaka saa tatu wanafanya nini? Homuweki, kuoga, kula, katuni. Hata nikiwepo wananiona mgongo tu niko jikoni.

Kilichoniua ni Jumamosi. Kazi za kikundi. Mnakubaliana saa nne asubuhi. Mimi nimeamka alfajiri nimefua, nimepitia Kilombero kuchukua mboga za wiki, binti nimemwacha nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Nafika saa nne kamili. Wenzangu wanaume wanaingia saa sita. Wanaanza na Simba na Yanga. Saa nane wanakumbuka kuna swali. Halafu yule aliyechelewa kuliko wote anasema, "Dada wewe una mpangilio mzuri, utatuunganishia."

Naunganisha mpaka saa tano usiku. Jumatatu tunawasilisha, yeye ndiye anasimama mbele na tai.

Sasa niambie kilichokula familia yangu ni jioni au ni hao.

#4 Chalii wa Sakina
Hapo kwenye tai nimecheka kwa sauti. Dada pole.

#5 Debiti na Krediti
Mleta uzi unaongelea kutwa kana kwamba ruhusa inauzwa dukani. Mtumishi wa serikali akipewa ruhusa ya masomo mshahara unaendelea kuingia. Sisi wa sekta binafsi kutwa maana yake ni barua ya kuacha kazi. Halafu ada utailipa na nini? Huyo wa mchicha muulize nani anamlipa.

Kwangu shida ni hela, muda unasingiziwa. Januari ndiyo mwezi wa ada ya watoto, sare, madaftari, viatu. Na chuo nacho kinataka umalize ada kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza, inayoangukia hapo hapo baada ya mwaka mpya. Ukiwa na hela unakodi mtu wa kukupeleka, unalipia dada wa pili nyumbani, unanunua muda. Usipokuwa nayo, ndoa ndiyo inalipa.

Kama unataka kutwa nenda Mandela pale Tengeru, si wana kila kitu? Digrii ya kwanza mpaka PhD.

#6 Sampuli Haijui Sikukuu
@Debiti na Krediti sahihisho dogo. Taasisi ya Nelson Mandela haina digrii ya kwanza. Ni mastazi na PhD tu. Mimi niko hapo, PhD.

Na msidhani kutwa ni kurudi nyumbani saa kumi. Labda kwa kozi za darasani. Ukiwa maabara, sampuli ndiyo inapanga ratiba. Ukianza jaribio Ijumaa mchana umeshajitangazia Jumamosi. Kuna kipindi nilikuwa naamka saa nane usiku kwenda kusoma vipimo, mlinzi akadhani nimegombana na mke.

Kilichonisaidia ni kuhama. Tulikuwa tunapanga Sakina. Kila siku natoka upande ule wa mji navuka mpaka Tengeru. Barabara ya njia nne imesaidia sana lakini nauli na uchovu viko pale pale. Tukahamia huku huku Tengeru, kodi ikashuka, watoto wanaenda shule kwa miguu. Mchana narudi kula nyumbani. Mama watoto Jumatano na Jumamosi yuko sokoni na ndizi zake, mimi siku hizo nashika watoto. Kwa hiyo maelezo yangu ni kilomita. Kutwa na jioni mnajadili bure.

#7 Zamu ya Usiku
Salaam kutoka Moshi. Nasoma mnavyolalamikia saa tatu usiku, nashangaa.

Daktari anayesomea ubingwa anakaa miaka mitatu hadi minne kutegemea fani. Asubuhi wodini, kisha kliniki au chumba cha upasuaji, zamu ya usiku, kesho yake unatakiwa uwasilishe mgonjwa mbele ya maprofesa ukiwa macho mekundu. Tasnifu inakusubiri pembeni. Hakuna jioni wala kutwa, kuna zamu.

Mke wangu ni mtumishi Mwanza, uhamisho haujatoka. Watoto wako naye. Mimi nimepanga chumba Longuo. Nitasema kitu msichokitarajia: tangu nimekuwa mbali nimekuwa baba mzuri zaidi. Jumapili saa kumi nampigia simu ya video, nimeegesha simu kwenye dumu la maji, mkubwa ananisomea ukurasa mmoja wa kitabu chake cha Kiswahili. Nasikiliza neno kwa neno. Nilipokuwa Mwanza niliishi nao nyumba moja na sikuwahi kumsikia akisoma.

#8 Mama Wawili Moshono
Dokta, saa kumi mpaka saa kumi na moja Jumapili wewe ni baba mzuri. Na saa zilizobaki za wiki nani ni baba mzuri? Mkeo anasemaje kuhusu hilo dumu?

#9 Zamu ya Usiku
Anasema nirudi na cheti.

#10 Mzee wa Kijenge
Vijana mnazunguka. Mwanaume akisoma nyumba inasimama. Mwanamke akisoma nyumba inayumba. Nimeyaona kwa macho yangu. Siyo kwamba nakataza, nasema tu ukweli uliopo.

#11 Mama Wawili Moshono
Mzee wangu shikamoo. Inasimama kwa sababu kuna mtu ameishika. Baba akifungua laptopu watoto wanaambiwa "nyamazeni baba anasoma," na chai inaletwa. Mama akifungua laptopu anaulizwa chumvi iko wapi.

#12 Binti Mringa
Na ukijibu chumvi iko wapi wanakuja kuuliza "ipi, ya mfuko au ya kopo?" 😂

#13 Mzee wa Kijenge
Marahaba. Hapo kwenye chumvi nitakaa kimya.

#14 Mama Kichanga
Jamani naomba msaada, niko mwaka wa kwanza na natarajia kujifungua katikati ya muhula wa pili. Likizo ya uzazi inanisaidiaje chuoni? Nasikia ni siku 90.

#15 Debiti na Krediti
Ni siku 90, mapacha 120. Hongera.

#16 Afisa Rasilimali
Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 84 zenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, ndani ya mzunguko wa miezi 36. Baba ana siku tatu. Ukirudi kazini ukiwa unanyonyesha, mwajiri anakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Ila dada elewa, hiyo ni haki ya mwajiriwa kwa mwajiri wake. Chuo siyo mwajiri wako. Kama una kazi, likizo itakutoa ofisini, haitakutoa darasani. Chuoni utakachoandika ni barua ya kuahirisha masomo kupitia idara yako, na uiandike mapema, usisubiri mitihani ifike. Uliza pia ukiahirisha, ada uliyokwisha kulipa inahamia muhula unaorudi au inapotea. Hilo lipate kwa maandishi.

#17 Mama Kichanga
Ahsante sana. Siku tatu za baba nimecheka na kulia.

#18 Binti Mringa
Mama Kichanga mimi sikuahirisha. Mtoto alikuwa mchanga kabisa mitihani ilipoanza. Mdogo wangu alikuja kutoka Mbulu, akawa anakaa naye chini ya mti nje ya ukumbi, na kanga mbili, chupa ya maziwa niliyokamua, na mwavuli. Msimamizi wa mtihani aliniruhusu nitoke kunyonyesha, mama mmoja mlinzi akawa ananisindikiza asije mtu akasema nimebeba kibomu cha majibu. Muda haukuongezwa. Nilikuwa naandika huku kifua kimelowa, gauni nimelificha kwa sweta, na ilikuwa Julai, baridi ya Arusha mnaijua.

Nilifaulu. Lakini sikushauri. Yule mdogo wangu alipoteza wiki zake na hakuna aliyemtaja kwenye mahafali.

#19 Kaa la Moto
Afadhali umemtaja mtu. Uzi umefika hapa hakuna aliyesema neno moja kuhusu dada wa kazi. Mnaandika "nilisoma, nikalea, nikamaliza." Aliyepokea mtoto kwenye basi la shule nani? Aliyejua mtoto ana homa kabla yako nani? Wengi wenu mastazi mmesoma watu wawili, mmoja akavaa joho.

Na wengi hamkumuongeza hata mshahara. Saa za kazi ziliongezeka mpaka saa tatu usiku, malipo yakabaki ya saa kumi na mbili.

#20 Mkazi wa Njiro
@Kaa la Moto umenigusa pabaya. Sisi dada anaondoka Jumapili asubuhi kwenda kanisani anarudi jioni, kwa hiyo Jumapili angalau niko na watoto.

#21 Chalii wa Sakina
Mkuu samahani, nimepekua nyuzi zako. Jumapili iliyopita saa kumi na mbili jioni ulikuwa kwenye uzi wa mpira unabishana kuhusu Arsenal, na ukaandika "hapa kaunta pamechangamka." Kaunta ya nyumbani kwako?

#22 Binti Mringa
Jamani uzi umepata mwenyewe 😂😂

#23 Mkazi wa Njiro
Chaliangu mtu asipumzike? Wiki nzima kazi na chuo. Dakika tisini.

#24 Mama Wawili Moshono
Dakika tisini na kaunta. Nimeshapata maelezo yangu, wengine endeleeni.

#25 Mwanaushirika wa Rau
Habari wakuu. Wote mnajadili mwaka wa kwanza, yaani vipindi. Subirini tasnifu.

Kipindi kina kengele. Familia inaweza kujipanga: baba Jumanne na Alhamisi hayupo, basi. Tasnifu haina kengele. Uko nyumbani lakini haupo. Mke anakuona umekaa mezani anadhani unapatikana, kumbe sura ya pili imekushika shingo.

Na kuna zile siku za kusubiri. Mimi utafiti wangu ni wa vyama vya msingi vya kahawa. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kutoka hapo halmashauri, ndipo ushuke kwa watendaji. Kila meza ina "njoo Alhamisi." Nikamwambia mke tutaenda likizo barua ikitoka. Ilipotoka watoto wameshafungua shule. Halafu msimamizi anakaa na rasimu miezi, akiamka anaitaka yenye marekebisho Jumatatu. Jumatatu ile ile ambayo wiki yake mtoto wangu wa darasa la nne alikuwa na upimaji wa taifa.

Nilichofanya, nikaunganisha mambo. Mwanangu wa kiume anataka hadithi kabla ya kulala. Nikaanza kumsomea mapitio ya maandiko. Wakulima wa Kilimanjaro wanaanzisha KNPA, chama chao cha kahawa, 1925, inavunjika, inakuja KNCU, chama kikuu cha ushirika, 1933, na kadhalika. Mwanzoni alikuwa analala aya ya pili, nikaona dawa imepatikana. Sasa halali. Anauliza, "Baba, kwa nini KNPA walishindwa?" Juzi alimsahihisha mwalimu wake mwaka. Mimi mwenyewe hiyo aya msimamizi ameiandikia "fafanua."

#26 Debiti na Krediti
Huyo mtoto ndiye apewe mastazi. Ila mkuu na nyie wa Ushirika Moshi, chuo chenu ni cha juzi, 2014.

#27 Mwanaushirika wa Rau
Chuo Kikuu ni 2014, sawa. Chuo cha Ushirika pale Moshi kipo tangu 1963. Siku 90, digrii ya kwanza Mandela, na sasa hili. Mkuu wewe ni mhasibu kweli?

#28 Debiti na Krediti
Nakagua kama mko macho.

#29 Mwalimu wa Mbinu
Nimesoma kimya kimya, lakini #25 amenifanya nijiunge. Nafundisha na nasimamia tafiti, sitasema wapi.

Rasimu inakaa kwangu, kweli. Lakini mwanafunzi anachukua maoni, anapotea toka masika mpaka kahawa inaiva, anarudi wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho na salamu ya "Prof, shikamoo, naomba unisaidie." Wote mnarudi wiki hiyo hiyo. Nina vipindi vya digrii ya kwanza, karatasi za kusahihisha, makala ya kuandika, na ndiyo, nina watoto. Rasimu zenu nazisoma kwenye foleni ya benki na kwenye kikao cha wazazi. Binti yangu anawajua baadhi yenu kwa majina ya mafaili: "Tasnifu ya mwisho kabisa mpya 3."

Mnaogopa kutuma sura mbovu, ndiyo sababu yenyewe. Watu wenye familia wanajisikia wameiba muda nyumbani, kwa hiyo wanataka walete kitu kizuri kinacholingana na wizi huo. Hawaleti. Mwaka unaisha, ada ya kuongeza muda inaanza, na hapo ndipo nyumba inapowaka moto. Tuma mbovu. Kazi yangu ni kusoma mbovu.

#30 Mwanaushirika wa Rau
Prof shikamoo. Kama ni wewe, yangu uliipokea?

#31 Mwalimu wa Mbinu
Marahaba. Siyo mimi. Natumaini.

#32 Karani wa Boma
Kwa nini hakuna anayetaja Chuo Kikuu Huria? Kipo tangu 1992, vituo vipo Arusha na Moshi, unasoma ukiwa sebuleni kwako. Tatizo la familia limeisha.

#33 Mke wa Mwanafunzi
Limeisha kwa nani? Mume wangu anasoma kwa masafa. Sebule yetu imekuwa chuo. Televisheni haiwashwi, wageni hawaji, mtoto akicheka anaambiwa shii. Angekuwa anaenda darasani angalau saa tatu zile tungekuwa huru.

Halafu ndugu zake wakipiga simu kwamba kuna msiba au kikao cha harusi, akisema anasoma wanamjibu "si uko nyumbani tu?" Kwa hiyo anaenda. Anarudi usiku, anaanza kusoma saa nne, taa inawaka mpaka saa nane, na mimi kesho natoka saa kumi na mbili.

Niwaambie kitu nyie wasomaji. Sisi tuliobaki upande huu hatuna wasiwasi na saa. Mimi sijui anachosoma. Hajawahi kunieleza. Nikiuliza anasema "mambo ya takwimu, hutaelewa." Nauza duka la vifaa vya ujenzi, najua takwimu kuliko yeye. Siku alipokwama kwenye jedwali lake nilimuona kajishika kichwa, nikaangalia nikamwambia hii jumla haifiki mia. Haikufika mia.

#34 Kaa la Moto
Uzi ungeishia hapa.

#35 Mkazi wa Njiro
Dada #33 ahsante. Nimekaa nikajiuliza mke wangu anajua nasoma nini zaidi ya jina la kozi. Nadhani hajui.

#36 Mzee wa Kijenge
Mwambie leo.

#37 Mkazi wa Njiro
Leo niko darasani mzee wangu.

#38 Binti Mringa
Yaani sasa hivi?? Saa mbili kasoro usiku uko darasani unasoma uzi kuhusu kukosa muda wa familia?

#39 Mkazi wa Njiro
Mhadhiri anaonyesha jinsi ya kupanga marejeo. Najua kupanga marejeo.

#40 Mwalimu wa Mbinu
Kila aliyeniambia anajua kupanga marejeo, marejeo yake yana majina ya kwanza ya watu.

#41 Mtoto wa Mwalimu
Niongeze kutoka upande mwingine. Mimi ndiye mtoto. Mama alisoma mastazi nikiwa darasa la tano, tulikuwa Pasua hapo Moshi. Ninachokumbuka ni kukaa naye mezani, taa ya chemli umeme ukikatika, yeye anaandika, mimi nachora pembezoni mwa karatasi zake zilizoharibika. Kwangu ulikuwa wakati mzuri sana. Nilijiona mtu mzima.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Juzi tulikuwa tunaongea, yeye anakumbuka mlango umefungwa na yeye yuko nje anagonga. Mama mwenyewe hakumbuki mlango wala mimi mezani. Anakumbuka ada tu.

#42 Debiti na Krediti
Ada. Nilisema.

#43 Mangi Mdogo
Wakuu nimechelewa. Mimi swali langu ni Desemba. Niko hatua ya kuandika, ofisi zinafungwa, ndiyo dirisha pekee la mwaka mzima. Nataka nibaki Arusha peke yangu wiki mbili nimalize sura ya nne. Mke anasema Krismasi ni Marangu kwa wazazi, watoto wote wa ukoo wanakuwepo, mbuzi ameshanunuliwa. Nifanyeje?

#44 Chalii wa Sakina
Mchaga abaki Arusha Desemba? Hata polisi watakuhoji.

#45 Zamu ya Usiku
Ukibaki peke yako wiki mbili, mke atafikiri sura ya nne ina jina na namba ya simu.

#46 Mwanaushirika wa Rau
Mangi nenda. Tena nenda mapema, kabla watu wa Dar hawajafika. Mimi sura ya tatu niliimalizia kihambani, meza nimeiweka kwenye migomba nyuma ya nyumba ya bibi. Asubuhi kabla ya saa nne hakuna anayekusumbua, watu wamelala kwa mbege ya jana. Mama mkwe ananiletea mtori ananiuliza "hiyo barua unamwandikia nani ndefu hivyo?" Kuanzia saa sita usijidanganye: kisusio kikiiva na wajomba wakiwasili, funga laptopu. Ukiiacha wazi wataomba waangalie picha za harusi.

#47 Mke wa Mwanafunzi
Na hizo asubuhi ambazo bwana yuko migombani, mkewe yuko wapi? Anamenya ndizi za machalari ya watu arobaini. Nauliza tu.

#48 Mwanaushirika wa Rau
Dada, wanaume wa huku ndiyo tunachinja na kuchoma.

#49 Mke wa Mwanafunzi
Mnachinja mara moja. Tunamenya kila siku.

#50 Sampuli Haijui Sikukuu
Mangi mimi ningegawa: nenda na familia mpaka tarehe 26, kisha rudi peke yako Arusha uandike mpaka watoto wafungue. Mke abaki huko Marangu apumzike.

#51 Mama Wawili Moshono
"Apumzike" kwa wakwe. Kaka umeoa kweli?

#52 Sampuli Haijui Sikukuu
Nimefuta kauli.

#53 Afisa Rasilimali
Mangi, kabla hamjagombana, kaangalie kama una likizo ya mwaka iliyobaki. Watu wanaitumia yote Desemba kisha Machi wanalia hawana siku za kuandika. Omba siku kadhaa Februari, watoto wakiwa shule na nyumba iko kimya mchana. Krismasi iache iwe Krismasi.

#54 Mangi Mdogo
Hilo la Februari sikuliwaza. Tatizo Februari ndiyo tunafunga hesabu ofisini, bosi atasema hapana. Nitamjaribu. Mke nimemwonyesha uzi, amesoma mpaka #47 akacheka, amesema niende Marangu na laptopu lakini ndizi tutamenya wote.

#55 Mama Kichanga
Mrejesho: nimeenda idarani, barua ya kuahirisha wameipokea. Kuhusu ada wamesema niandike barua nyingine. @Afisa Rasilimali ahsante, nimeomba jibu kwa maandishi.

#56 Chalii wa Sakina
Nimesoma uzi wote. Nilikuwa nataka kuomba mastazi mwakani, nimeona nianze na kutafuta mchumba.

#57 Kaa la Moto
Anza na mastazi. Mchumba atataka kujua unamaliza lini.

#58 Mangi Mdogo
Swali la mwisho nje ya mada: kutoka Arusha na familia na mizigo, tarehe 22 hivi, nisubiri basi la moja kwa moja au niunganishe?

#59 Mwanaushirika wa Rau
Unganisha. Panda Kosta mpaka stendi ya Moshi, hapo zipo gari za Marangu. Ondokeni kabla ya saa mbili asubuhi, baadaye pale stendi watu ni wengi kuliko siti. Laptopu usiiweke kwenye buti.